Podikasti za Goma: namna ya kuzifanya zionekane Google

Mtu aliyeko Nairobi au Brussels akiandika Sake kwenye Google, kitakachomjia kwanza kwa kawaida ni pombe ya mchele ya Wajapani. Mji wa Sake, ulio kilomita zipatazo 25 magharibi mwa Goma, ambao watu wengi walikimbilia Mei 2021 baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, na ambao baadaye wakazi wake wenyewe waliukimbia kwa sababu ya vita, huja nyuma sana. Goma nayo ina shida yake: kwa Kihispania goma ni mpira, na kwa watu wa Lamu ni ngoma yao. Jina la mji wa Beni kwa Waitaliano ni mali. Mtayarishaji anayekipa kipindi chake jina la "Habari za Sake" au "Goma Leo" anaanza na kikwazo ambacho angekiondoa kwa kuongeza neno moja tu, jina la eneo letu: Kivu.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wa Himbi, Ndosho, Katindo na Majengo wanaorekodi kwa simu, kwa watangazaji wa redio za jamii wenye mazungumzo mazuri yaliyolala kwenye kompyuta, na kwa vyama vya akina mama, wanasheria na wauguzi ambao wameanza kutengeneza podikasti. Kazi ipo, na mara nyingi ni kazi nzuri. Mji huu umezoea kusikiliza: Radio Okapi ilianza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002, wiki chache tu baada ya lava ya Nyiragongo kupita katikati ya Goma, na tangu hapo kizazi kizima kimekulia kwenye sauti ya redio. Lakini sauti nyingi tunazotengeneza sasa hufa baada ya siku mbili. Zinarushwa kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na jina kama AUD-20250312-WA0007, zinasikilizwa, zinafutwa ili simu ipate nafasi, basi. Mwezi ukipita, hata aliyeitengeneza hawezi kuipata.

Jambo moja likieleweka, mengine yote yatafuata: mtambo wa kutafuta hauna masikio ya Kiswahili chetu. Unasoma. Unasoma jina la kipindi, maelezo yaliyo chini yake, ukurasa kilipowekwa, na maneno ambayo watu wengine wametumia kukielekeza. Saa nzima ya mazungumzo yenye hekima, ikiwekwa bila maandishi, kwa Google ni sawa na faili tupu. Hata programu za akili mnemba ambazo watu wameanza kuziuliza maswali hujibu zaidi kutokana na kilichoandikwa mahali fulani.

Kwa Goma hili ni jambo zito. Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, akaamuru mitaa 10 ya mji ihamwe. Usiku wa namna ile mtu hushika simu na kuuliza: lava imefika wapi, barabara ipi iko wazi, mitetemeko hii maana yake nini? Uvumi ulioandikwa atauona mara moja. Maelezo sahihi ya mtaalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kama yamebaki ndani ya sauti ya dakika 40 isiyo na maandishi, hatayaona kamwe.

Chukua mfano wa kipindi kuhusu mazuku. Wakazi wa kando ya ziwa, kuelekea Kyeshero na Bulengo, wanalijua neno hili: hewa ya ukaa inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayojikusanya kwenye mabonde na mashimo hasa usiku na alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya. Huua mbuzi, huua mbwa, na huua watoto. Wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno hilo hilo la Kivu na kuliandika kwenye tafiti zao. Sasa tuseme umemhoji mtaalamu na mama mmoja anayeishi karibu na shimo la mazuku, ukapata dakika 30 za thamani kubwa. Wengi wangekiita "Kipindi cha 14: Muuaji asiyeonekana". Jina hilo linavutia masikioni, lakini hakuna mtu atakayeandika maneno hayo akitafuta msaada. Atakachoandika ni "mazuku ni nini", "mazuku Goma", "dalili za mazuku", au kwa Kifaransa "mazuku danger". Kipindi hicho kiite "Mazuku Goma: dalili zake, maeneo ya hatari na namna ya kujikinga". Namba ya kipindi ipeleke mwisho au iache kabisa, kwa sababu majukwaa yana sehemu yake ya namba. Neno kuu lije mwanzoni, maana Google kwenye simu huonyesha takriban herufi 60 tu za jina, na kinachobaki hukatwa.

Angalia watangazaji wakubwa wa Kiswahili. RFI Kiswahili wana vipindi vyenye majina ya kishairi kama "Siha Njema" na vingine vyenye majina yanayojieleza kama "Gurudumu la Uchumi". Wao wanaweza, kwa sababu jina la redio linajulikana na kila kipindi hupewa kichwa chake chenye mada ya siku hiyo. Sisi ambao hatuna jina kubwa hatuna budi kuwa wazi kuanzia kwenye jina la podikasti yenyewe hadi kwenye kila kipindi. Ushairi uweke ndani ya sauti, mahali unapostahili.

Na maneno yawe ya watu. Muuguzi wa Goma akiwa kazini anasema choléra. Mgonjwa anasema kolera. Kitabu cha Dar es Salaam kinasema kipindupindu. Ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024 huitwa mpox, ndui ya nyani na homa ya nyani, kutegemea nani anaongea. Usichague neno moja na kuyatupa mengine. Liweke lile linalotumika zaidi mjini kwenye kichwa, na hayo mengine yaingie kwa njia ya kawaida kwenye aya ya kwanza ya maelezo. Shule zetu hufundisha kwa Kifaransa, na watu wengi wa Goma wanaozungumza Kiswahili siku nzima hutafuta kwa Kifaransa wakishika simu. Kwa hiyo chini ya maelezo ya Kiswahili weka aya moja ya Kifaransa, iliyoandikwa vizuri na mtu anayekijua. Aya moja inatosha. Itakuletea pia msikilizaji wa Kinshasa na mtoto wa Kikongo aliyezaliwa Liège.

Njia rahisi ya kuyajua maneno hayo haina malipo. Anza kuandika mada yako kwenye Google, usibonyeze kitufe cha kutafuta, utazame maneno ambayo Google yenyewe inapendekeza. Kisha waulize watu watano wasiohusika na kazi yako, muuza mkaa, mwanafunzi, dereva wa pikipiki: ukitaka kujua jambo hili ungeandika nini? Usiwaeleze mada kwa maneno yako, waeleze tatizo. Majibu yao yaandike kama yalivyo. Hayo ndiyo maneno yako, hata kama mwalimu wa sarufi hatayapenda.

Kitu cha pili ambacho sikubali kiachwe ni ukurasa wako mwenyewe. Kwa miaka kadhaa watu waliitegemea Google Podcasts, na mwaka 2024 Google wakaifunga, mwezi wa Aprili kwa Marekani na miezi michache baadaye kwingineko. Aliyekuwa na tovuti yake alipoteza mlango mmoja tu. Aliyetegemea kiungo cha jukwaa lile alianza upya. Spotify, Apple Podcasts na YouTube zitumie zote, kwa sababu wasikilizaji wako huko, na Spotify wana huduma ya kuhifadhi podikasti bila malipo. Lakini kila kipindi kiwe pia na ukurasa wake kwenye tovuti unayoimiliki, hata ikiwa ya bure ya WordPress au Blogger. Nasema kila kipindi. Ukurasa mmoja wenye orodha ya vipindi 50 hauisaidii Google kujua kipi kinajibu swali gani. Anwani ya ukurasa nayo isomeke: ikiishia na mazuku-goma-dalili ni bora kuliko ikiishia na namba 312.

Ukiweza kununua jina la tovuti, linunue, na hakikisha limeandikishwa kwa jina lako au la chama chenu. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, kulipia huduma za nje kumekuwa kugumu, na wengi humwomba ndugu aliye Ulaya au Kampala alipe. Ni msaada mzuri, lakini tarehe ya kulipa tena iandikwe ukutani na nywila zikae na watu wawili. Jina la tovuti likipotea kwa sababu malipo yamechelewa, miaka ya kuaminiwa na mitambo ya kutafuta hupotea nalo.

Ndani ya ukurasa weka nini? Nakala ya mazungumzo yote ndiyo bora kuliko kitu kingine chochote. Najua ni kazi. Saa moja ya sauti huweza kumla mtu siku nzima, na umeme haungoji. Apple walipoanza kutoa wenyewe nakala za maandishi Machi 2024 walianza na Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kijerumani. Whisper, programu ya wazi iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, inakijua Kiswahili kwa kiasi, na simu za Android zimekuwa na kuandika kwa sauti kwa Kiswahili tangu 2017. Lakini mitambo hii haikufundishwa kwa Kiswahili cha mitaani Birere, hapa Goma, kile kinachoanza sentensi kwa Kiswahili, kikapitia Kifaransa na kumaliza kwa neno la Kinande au Kinyarwanda. Itaandika jina la kijiji kama neno la matusi, itakosea jina la dawa. Kwa hiyo mashine ifanye rasimu, mtu asahihishe. Majina ya mahali, ya dawa, ya sheria na kiasi cha fedha yapitiwe mara mbili.

Ukikosa nguvu ya kuandika yote, andika muhtasari wa maneno 400 hadi 600, na uandike majibu yenyewe. Muhtasari unaosema "mtaalamu anatueleza dalili za mazuku" haujamsaidia mtu wala Google. Andika dalili hizo, andika mahali pa kukimbilia: juu, palipoinuka. Wapo watakaosema kwamba mtu akisoma hatasikiliza. Mimi naona mtu aliyepata jibu la kweli kwenye ukurasa wako ndiye atakayebonyeza kitufe cha kusikiliza, na hata asiposikiliza, umemwokoa. Chini yake weka alama za dakika: dakika ya 4, mtaalamu anaeleza gesi inatoka wapi, dakika ya 17, mama anasimulia. Msikilizaji mwenye mega 20 zilizobaki anahitaji kujua aruke hadi wapi.

Mambo madogo ya kiufundi yafanye siku moja na uyamalize. Kwenye mipangilio ya mlisho wa RSS, sehemu ya lugha, angalia isiwe Kiingereza. Majukwaa mengi huja hivyo. Alama ya Kiswahili ni sw. Kwenye sehemu ya mtayarishaji andika jina lenu pamoja na Goma, Kivu Kaskazini. Faili la sauti lipe jina lenye maana kabla ya kulipakia. Kipindi cha mazungumzo kihifadhi kwa sauti ya njia moja na kilobiti 64 kwa sekunde: dakika 30 zitakuwa kama mega 14, wakati kwa kilobiti 128 zingekuwa karibu mega 29, na sikio la kawaida halitaona tofauti kubwa kwa sauti ya mtu anayezungumza. Ukurasa wenyewe uwe mwepesi. Picha moja ndogo inatosha. Google hupima tovuti kwa jinsi inavyofunguka kwenye simu, na msikilizaji wako pia.

Jina la podikasti lipimwe kwa sikio. Wengi watalisikia kwanza redioni au kwa rafiki kwenye teksi, kisha watajaribu kuliandika. Jina la Kiswahili huandikwa kama linavyosikika, na hii ni faida kubwa ambayo tunaitupa tunapochagua majina ya Kiingereza kwa kuona yanapendeza. Mtu akisikia "Kivu Voices" ataliandika kwa namna tano tofauti. Wakati huo huo epuka "Sauti ya" fulani. Zipo nyingi mno Afrika Mashariki nzima. Kabla ya kuamua, liandike kwenye Google na kwenye Spotify. Likijaa watu wengine, tafuta jingine.

Viungo kutoka kwa wengine vina uzito mkubwa. Tovuti ya chuo ikikuelekeza, Google huona kwamba kuna mtu wa kuaminika aliyekutolea ushahidi. Kila unapomhoji mwalimu wa Chuo Kikuu cha Goma au wa Chuo Kikuu Huria cha Nchi za Maziwa Makuu (ULPGL), daktari wa hospitali, mwanasheria wa chama fulani, mtumie kiungo cha ukurasa siku kipindi kinapotoka na umwombe kwa adabu kiwekwe kwenye tovuti yao. Wengi hukubali, maana ni kazi yao pia. Vipindi vyako vya zamani navyo vielekeze kwa vipya. Usinunue viungo, na usirudie neno "mazuku" mara 40 kwenye aya moja. Google ina kanuni dhidi ya mambo hayo na huzishusha tovuti zinazoyafanya. WhatsApp usiiache, ndiyo inayosikilizwa Goma kuliko yote. Tuma sauti kama kawaida, lakini iandamane daima na kiungo cha ukurasa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo washauri wa Ulaya na Marekani hawaliandiki, kwa sababu kwao si la kufa na kupona. Kuonekana kwa urahisi ni kuonekana na kila mtu. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na katika mji uliobadilisha watawala, kumbukumbu ya maandishi inaweza kumtafuta mtu. Sauti iliyosemwa miaka mitatu iliyopita ni vigumu kuipekua; nakala yake ya maandishi inapatikana kwa sekunde moja kwa kuandika jina. Mwanamke aliyesimulia ubakaji, kijana aliyetoroka kundi lenye silaha, mkimbizi wa kambi aliyetaja waliochoma nyumba yake: majina yao, vijiji vyao na jina la shule ya watoto wao visiingie kwenye kichwa, wala kwenye maelezo, wala kwenye nakala, wala kwenye jina la faili. Picha iondolewe taarifa za mahali ilipopigwa kabla ya kupakiwa. Unapoomba ruhusa ya kurekodi, usiseme tu "itatoka kwenye podikasti". Mwambie wazi: mtu yeyote, popote, hata baada ya miaka 10, akiandika jina lako ataweza kuyaona maneno haya. Akisita, badilisha jina. Akiogopa, acha.

Kama tayari kuna ukurasa wenye hatari, uondoe kwanza kwenye tovuti yako, kisha tumia sehemu ya kuondoa kurasa ndani ya Google Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Huuficha kwa takriban miezi sita, muda unaotosha Google kugundua kwamba ukurasa wenyewe haupo tena. Lakini nakala zilizochukuliwa na wengine hutaweza kuzifuta, na ndiyo sababu uamuzi unafanywa kabla ya kuchapisha. Kipindi cha afya, cha biashara ya maharage, cha historia ya mji, cha namna ya kupata hati: hivi visukume kwa nguvu zote vionekane. Kipindi cha ushuhuda wa vita kinaweza kubaki na kichwa cha jumla na maelezo mafupi, na hilo ni sahihi kabisa.

Google Search Console hiyo hiyo ni bure na inastahili kufunguliwa hata na asiye fundi. Ithibitishe tovuti yako, iwasilishe ramani ya tovuti ambayo WordPress huitengeneza yenyewe, kisha rudi kila mwezi kusoma orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakakuona. Humo utakuta maswali usiyoyatarajia. Ukiona watu wanafika kwako wakiuliza "gesi ya ziwa Kivu inaweza kulipuka" na huna kipindi cha mada hiyo, umeshapata kipindi chako kijacho. Ukiona ukurasa unaonekana mara nyingi lakini haubonyezwi, kichwa chake hakijaeleweka. Kibadilishe, ngoja wiki kadhaa, uangalie tena. Tovuti mpya huchukua wiki, wakati mwingine miezi, kabla ya kuaminiwa. Vipindi vya habari za siku hupita na siku yake, lakini kipindi cha kujiandaa kwa mlipuko wa volkano kitatafutwa tena. Nyiragongo ililipuka 1977, 2002 na 2021. Kipindi cha namna hiyo kirudiwe kila mwaka, maelezo yasahihishwe, tarehe ya masahihisho iandikwe juu, na anwani ya ukurasa ibaki ile ile.

Usianze na vipindi vyote 50. Chagua kimoja ambacho, kwa maoni yako, mtu wa Goma angekihitaji saa nane za usiku akiwa na hofu na mega chache. Kibadilishie kichwa, kiandikie ukurasa wake, weka majibu kwa maandishi, ongeza aya ya Kifaransa, na utume kiungo kwa yule uliyemhoji. Fanya hivyo wiki hii, kabla hujarekodi kipindi kipya.